Kilti ibaki, upanga upumzike

Wiki hii mmeuliza: kama Waskoti wangeambiwa warudishe mila moja ya mababu, wachague watu wawili kupambana kwa panga, kuvaa kilti (ile sketi ya marinda ya wanaume), au waachane na yote wabaki na mitindo ya kisasa? Mimi nachagua kilti, bila kusita.

Upanga usirudi. Heshima ya mtu hailindwi kwa kumtoa roho mwenzake. Hata bastola zilipochukua nafasi ya panga, upuuzi ulibaki uleule. Pambano la mwisho la namna hiyo kuua mtu Uskoti lilifanyika mwaka 1826, karibu na Kirkcaldy. Mtu wa benki, George Morgan, alikosana na mfanyabiashara David Landale kwa mambo ya mkopo, akampiga mwamvuli hadharani. Kwa mwamvuli tu, Morgan akafa kwa risasi! Landale alishtakiwa kwa mauaji, akaachiwa.

Kilti ni habari nyingine. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambapo waasi wa Kiskoti walishindwa na jeshi la serikali, Bunge la London lilipiga marufuku wanaume wa Uskoti kuvaa vazi hilo la Nyanda za Juu, yaani eneo la milima la kaskazini, isipokuwa wanajeshi. Ukikamatwa, jela miezi 6. Ukirudia, unapelekwa uhamishoni ng'ambo miaka 7. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Vazi ambalo watu walitishiwa jela kwa ajili yake haliwezi kuwekwa kapu moja na fasheni ya msimu.

Halafu kuna ufundi wenyewe, na hapa nasema kama fundi cherehani. Kilti kamili hula yadi 8 hivi za kitambaa cha sufu. Mbele imelala bapa, marinda yote yako nyuma, na fundi hupima kila rinda ili drafti, yaani miraba ya kitambaa, ziendelee kana kwamba kitambaa hakijakunjwa. Chini haipigwi upindo. Unaachwa ukingo wa kitambaa chenyewe, hivyo marinda hucheza vizuri mtu anapotembea. Kazi hiyo hushonwa kwa mkono. Suruali gani ya dukani imetendewa haki hivyo?

Mitindo mipya siikatai. Mbunifu wa mavazi wa Uingereza, Vivienne Westwood, alizipeleka drafti za Kiskoti kwenye majukwaa ya mavazi, akazikata kwa ujuzi mkubwa, nami nampongeza. Ninachokipinga ni kilti za nailoni za kufungia watalii kiunoni, marinda yamebandikwa kwa pasi, zikiuzwa kwa jina lilelile na vazi la yadi 8.