Kaka Ana Shauri la Mafao ya Ulemavu Marekani: Sisi wa Moshi Tumsaidieje?

SWALI: Shikamoo Wakili. Kaka yangu ana umri wa miaka 52 na anaishi Marekani, ambako alikuwa akipakia na kupakua mizigo katika ghala hadi alipoumia mgongo. Ombi lake la mafao ya ulemavu limekataliwa mara mbili, na sasa amepangiwa kusikilizwa na jaji. Mwaka 2023 alirudi nyumbani, akakaa kwangu miezi minane na kutibiwa KCMC. Anataka tumpelekee kumbukumbu za hospitali pamoja na barua yangu. Baba mdogo anashauri niandike kwamba kaka hawezi kufanya jambo lolote kabisa, ili jaji amhurumie. Je, ni sawa? Msomaji, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na ushauri wa baba mdogo, kwa sababu ndio unaoweza kumharibia kaka yako shauri zima. Jaji atakayemsikiliza ni wa mambo ya utawala, chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, na kwa kawaida hakuna wakili wa upande wa pili anayekuja kumpinga mwombaji. Jaji huyo hujibu maswali yaliyopangwa na kanuni: kama mwombaji anafanya kazi ya kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu, kama maradhi yake ni mazito na yamedumu, au yanatarajiwa kudumu, angalau miezi 12, kama yanafikia vigezo vya maradhi yaliyoorodheshwa, kama bado anaweza kufanya kazi alizozifanya katika miaka 5 iliyopita, na kama hawezi, iwapo ipo kazi nyingine anayoiweza kwa umri, elimu na ujuzi alio nao. Umri wa kaka yako una uzito hapa, kwa kuwa kuanzia miaka 50 kanuni zinatambua kwamba ni vigumu zaidi mtu aliyezoea kazi za nguvu kuhamia kazi ya aina nyingine.

Kwa hiyo jaji anatafuta kipimo cha uwezo uliobaki. Mtu akisema hawezi lolote, kisha jalada likaonyesha kwamba anajipikia au anaendesha gari kwenda kanisani, jaji atatilia shaka hata yale yaliyo kweli. Lakini kwa watu wetu naiogopa zaidi hatari iliyo kinyume na hiyo. Tumelelewa kutolalamika mbele ya wakubwa. Daktari akituuliza hali, tunamshukuru Mungu na kusema tunaendelea vizuri, naye anaandika hivyo hivyo katika faili. Kaka yako akijibu namna hiyo chini ya kiapo, maneno yake yatarekodiwa na kuhesabiwa kuwa ushahidi wa afya njema. Aseme anaweza kukaa dakika ngapi kabla ya maumivu kumlazimisha kusimama, anaweza kubeba uzito gani bila kuumia siku ya pili, dawa zinamletea usingizi kiasi gani, na katika mwezi ni siku ngapi hainuki kitandani. Siku nzuri azitaje pia, na aeleze baada ya siku nzuri moja hufuata nini.

Siku ya kusikilizwa huenda akawapo mtaalamu wa ajira. Jaji humweleza mtu wa kufikirika mwenye mipaka fulani ya mwili, kisha humuuliza kama mtu huyo anaweza kupata kazi. Mtaalamu akiulizwa kuhusu mtu anayekosa kazini siku mbili au zaidi kila mwezi, mara nyingi hujibu kwamba hakuna mwajiri atakayemvumilia. Ndiyo sababu ninasisitiza dakika, kilo na siku.

Sasa kumbukumbu za KCMC. Bila hizo, jaji ataona miezi minane ambayo mgonjwa hakutibiwa, na anaweza kuamini kwamba maumivu yalikuwa madogo. Kaka akutumie barua ya idhini yenye sahihi yake, jina alilojiandikishia na namba ya faili kama anayo, uipeleke masijala ya hospitali uombe nakala za maelezo ya madaktari, majibu ya picha za mgongo na orodha ya dawa. Bahati nzuri madaktari wetu huandika kwa Kiingereza. Usichague kurasa zinazopendeza, kwa kuwa mwombaji anawajibika kuwasilisha ushahidi wote anaoujua unaohusu ulemavu wake, ukimsaidia au usimsaidie. Ushahidi unatakiwa kufika angalau siku 5 za kazi kabla ya kusikilizwa. Kama hospitali itachelewa, kaka au mwakilishi wake amwandikie jaji kabla ya muda huo kueleza ni kumbukumbu zipi zinazongojwa na kutoka wapi.

Katika barua yako andika uliyoyaona kwa macho yako, na utaje ni miezi ipi ulipoyaona. Usiandike jina la ugonjwa, na usiandike kwamba anateseka sana. Ikiwa alishindwa kuinua ndoo ya maji ya lita 20, ikiwa ibadani alitoka nje kila mara kwa kushindwa kukaa kwenye benchi, au ikiwa ulimfunga kamba za viatu asubuhi, hayo ndiyo ya kuandika. Taja undugu wenu, weka tarehe na sahihi. Ukiandika kwa Kiswahili, ambatisha tafsiri.

Kama Kiingereza chake kinayumba, aombe mapema mkalimani wa Kiswahili, ambaye Mamlaka humlipia yenyewe, badala ya kumtumia mtoto wake. Asidhani, hata hivyo, kwamba kutojua Kiingereza kutamwongezea nafasi, kwa kuwa tangu mwaka 2020 jambo hilo halihesabiwi tena katika kupima elimu ya mwombaji. Ningependa sana asiende peke yake. Wawakilishi wengi hulipwa tu mwombaji akishinda, na katika makubaliano ya kawaida malipo yao ni asilimia 25 ya malimbikizo, yaani mafao ya miezi ya nyuma ambayo hayajalipwa, yakiwa na kikomo ambacho mwishoni mwa 2024 kilipandishwa hadi dola 9,200.

Uamuzi hutumwa kwa maandishi. Akikataliwa, ana siku 60 tangu kuupokea kuomba Baraza la Rufaa la Mamlaka hiyo liupitie, na barua huhesabiwa imepokelewa siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, isipokuwa aonyeshe vinginevyo. Kama atahama nyumba kabla barua haijafika, aijulishe ofisi anwani mpya mara moja.