Jimbo la bluu, kijiji cha nani? Naishi kijijini Vermont, ngoja niwape ya huku

Mkuu umeuliza kama jimbo la Marekani likiwa bluu, yaani rangi ya Democrat, kwenye ramani ya urais basi na viongozi wa vijiji vyake wote ni Democrat, na wachangiaji wengi wamekujibu ndio, bluu ni bluu. Hapana aisee. Niko Vermont mwaka wa tisa huu, nimeoa huku, kimji chetu watu hawafiki elfu mbili na taa za kuongozea magari hatuna hata moja, kwa hiyo naongea ya kuona sio ya kusimuliwa.

Kwanza huku ukijiandikisha kupiga kura hakuna sehemu ya kujaza chama. Halafu bodi ya mji, ambayo ni watu watatu, miji mingine watano, wengi wanagombea kwa jina lao tu, jina ambalo kila mtu analijua mpaka na la baba yake. Kuna karani, mweka hazina, na wale wa kuthamini nyumba kwa ajili ya kodi ndio hao hawapendwi. Mpaka mkaguzi wa uzio bado anateuliwa, kazi ya enzi za mababu, siku hizi sidhani kama kuna mtu anampigia simu.

Sasa shughuli yenyewe ni Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu, Town Meeting, yaani mkutano wa mwaka wa mji ambapo wakazi wenyewe wanapiga kura. Miji mingi siku hizi wanatumbukiza karatasi tu wanaondoka, sisi bado tunakaa ukumbini, ajenda imebandikwa mwezi mzima kabla, kila mtu na kitabu cha mapato na matumizi mkononi na sufuria ya maharage imeachwa jikoni kwa ajili ya mchana. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na grini kadi tu, nikakaa nyuma na wasio na kura, najisemea hii mbona kama mkutano wa kijiji wa kwetu Same, tofauti ni theluji nje.

Ajenda iliyotutoa jasho ni greda. Zaidi ya nusu ya barabara za miji huku ni changarawe, barafu ikianza kuyeyuka mwezi wa tatu wa nne ni tope la kumeza gari, na greda letu lilikuwa limechomelewa mpaka basi. Watu wakabishana saa nzima na kitu, bei ya greda, kodi ya majengo itapanda kiasi gani, mzee mmoja wa ng'ombe wa maziwa akasema yeye trekta lake lina umri kuliko karani na linatembea. Nikanyoosha mkono. Msimamizi akasema huyu sio mpiga kura, akauliza ukumbi kama nipewe nafasi, inatakiwa theluthi mbili, wakakubali, nikaeleza kalavati la kwetu limeziba na basi la shule halipandi mlima wiki ya pili. Miguu inatetemeka, Kiingereza kimenikimbia chote ila walinielewa.

Ikapigwa kura ya sauti, ndio na hapana zikalingana, mtu akapinga, tukahesabiwa kwa kusimama, bado watu saba wakadai karatasi na sheria inawaruhusu. Greda likapita 61 kwa 54.

Hapo ndo nilifunguka macho, maana jirani yangu mwenye bendera ya Trump getini na mwalimu mwenye stika ya Bernie Sanders, seneta wetu wa mrengo wa kushoto, kwenye gari wote walisema ndio, sababu wote wanakaa juu mlimani. Waliokataa ni wa chini kwenye lami. Kura iligawanyika lami na changarawe, chama hakikuwepo humo ndani kabisa.

Na sio kijijini tu. 2020 siku ileile, karatasi ileile, watu haohao walimpa Biden kama asilimia 66 na gavana Phil Scott ambaye ni Republican kama 68. Na hii bluu yenyewe ni ya juzi, kuanzia 1856 mpaka 1988 Vermont ilikosa kumpa kura Republican wa urais mara moja tu, 1964. Kinachowakasirisha watu huku ni kodi, Machi 2024 karibu theluthi moja ya bajeti za shule, ambazo zinagusa kodi ya majengo, zilikataliwa na wapiga kura, Novemba Republican wakaongeza viti vingi kwenye bunge la jimbo huku Kamala Harris wa Democrat akishinda kura za urais huku Vermont kwa zaidi ya asilimia 60, wale wanaosoma rangi ya ramani hii inawapita pembeni.

Kwa ndugu zetu Wakongo walioko Winooski, nyie mna bahati, huko asiye raia mwenye makazi halali anaruhusiwa kura za mji, gavana Scott aliikataa sheria hiyo kwa veto 2021, bunge la jimbo likaipindua veto yake, wakaanza kupiga Machi 2022. Ila ni za mji tu. Za gavana na rais usiguse kama huna uraia, hata kama mtu kakupa fomu sokoni kakwambia jaza tu, hilo litakula kwako siku ya maombi ya uraia.

Kalavati lenyewe lilichukua miaka miwili zaidi, nilizunguka nyumba moja moja na mke wangu kukusanya saini za kuliingiza kwenye ajenda, na saini ya kwanza aliweka yule wa bendera.