Uvimbe wa mfupa: usiidharau eksirei ya kawaida

Mara kwa mara hufika mtu dirishani kwetu na bahasha ya eksirei mkononi, anauliza MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inapigwa wapi na ni shilingi ngapi. Ukimuuliza eksirei imesema nini, hajui. Mtaalamu wa radiolojia hajaisoma. Ameambiwa tu "kuna kitu kwenye mfupa", akaenda kukopa. Mimi kazi yangu ni kupiga picha hizi, na kwa mwenye uvimbe wa mfupa nasema hivi: anza na eksirei, tena isomwe. Katika kutambua uvimbe mpole, usio saratani, na ule mkali unaoweza kuwa saratani, hakuna mashine kubwa iliyoiondoa pale mbele.

Msomaji hutazama mpaka kwanza. Uvimbe mpole hukua taratibu, na mfupa hupata muda wa kujijengea ukuta kuuzunguka. Kwenye picha huonekana mstari mweupe, mwembamba, unaoweza kuupitia kwa ncha ya kalamu toka mwanzo hadi mwisho. Uvimbe mkali hautoi nafasi hiyo. Ukijaribu kuonyesha unapoishia, kalamu inabaki hewani: hapa pameliwa, pale kuna vitundu vitundu, kule mfupa unaonekana mzima ila umefifia. Gwilym Lodwick wa Marekani na wenzake waliipanga mipaka hii kwa madaraja mwaka 1980, na wasomaji wa picha wanayatumia hadi leo.

Kisha utando wa nje wa mfupa. Ukisukumwa polepole, hujenga tabaka moja nene lililoshikana. Ukisukumwa kwa kasi, tabaka hupandana kama maganda ya kitunguu, au mfupa mpya huchomoza nje kwa miale, au utando huinuliwa na kuacha kile kinachoitwa pembetatu ya Codman. Ukikuta maneno hayo kwenye ripoti, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Wala usianze kugawa mali: maambukizi ya mfupa nayo yanaweza kuleta sura hiyohiyo, na kwa mtoto mwenye selimundu daktari lazima ayafikirie.

Kinachoniudhi ni fomu za vipimo. Zinakuja zimeandikwa "maumivu ya goti", basi, umri umeachwa wazi, na umri ni nusu ya jibu. Osteosakoma, saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, huwapata zaidi vijana wanaorefuka, wa miaka 10 hadi 20, hasa karibu na goti: mwisho wa chini wa mfupa wa paja au mwanzo wa muundi. Bega pia. Mtu aliyevuka miaka 40 mwenye mfupa ulioliwa, hutafutwa kwanza saratani iliyotoka kwingine, mfano titi, tezi dume, mapafu au figo, au mayeloma, saratani ya seli za uboho.

Mama mmoja alimleta mwanawe, goti limevimba, limekandwa kwa maji ya moto hadi ngozi imebabuka. "Aligongwa mpirani, baba." Fomu nayo ilisema jeraha. Nikamuuliza kijana usiku analalaje. Akamtazama mama yake kwanza, ndipo akasema anaamka, anakaa kitandani ameshika goti. Nikaandika pembeni ya fomu: maumivu ya usiku, uvimbe unaongezeka. Picha ikasomwa siku ileile. Maneno kama hayo yaseme mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Na uvimbe unaokua, tafadhali, msiukande.

Hakikisha picha ni mbili, ya mbele na ya ubavu, na kiungo cha karibu kimeingia. Picha za zamani zibebe zote, maana kulinganisha kunaonyesha mwendo wa uvimbe. Filamu iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha, ikapigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp, huweza kuupoteza ule mstari mweupe tunaoutafuta.

MRI huja kuonyesha ugonjwa umefika wapi ndani ya uboho, misuli na mishipa. Kwa osteosakoma upigwe mfupa mzima, kwa sababu uvimbe unaweza kuruka na kuota juu zaidi. Ikisomwa peke yake, bila eksirei, inaweza kukutisha bure: ufa mdogo wa uchovu wa mfupa hujaza maji pande zote na kuonekana jambo kubwa. CT, eksirei ya vipande vipande inayounganishwa na kompyuta, ndiyo ya kifua, kutazama mapafu.

Hata hivyo picha peke yake haithibitishi saratani. Lazima kipande cha uvimbe kichukuliwe, kikapimwe maabara. MRI ifanyike kabla ya kukichukua, na achukuaye awe daktari atakayefanya upasuaji, au apange naye, kwa sababu njia ya sindano huweza kuhitaji kukatwa pamoja na uvimbe. Sindano ikipita pasipofaa, mguu ambao ungeokolewa unaweza kupotea. Kwa Tanzania, omba rufaa ya mapema kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, au hospitali ya kanda.

Na wapo wasiohitaji sindano kabisa. Doa lenye ukingo mweupe, lililokutwa kwa bahati kwenye goti la mtoto aliyeanguka, mara nyingi ni fibroma isiyoota mfupa, na hupotea yenyewe akikua. Nundu ya mfupa ambayo uboho wake umeungana na wa mfupa mama ni osteokondroma; nayo huachwa isipoleta shida. Ikianza kukua au kuuma kwa mtu mzima, hapo kopa hiyo pesa ya MRI: gegedu lililoifunika likizidi unene wa sentimita 2, daktari wa mifupa alione haraka.