Programu gani ya kuanzia kufundisha hali ya hewa na tabianchi?

Mkuu, umeuliza kama wanafunzi wa shahada ya kwanza waanze moja kwa moja na modeli kubwa za utabiri. Nimefundisha somo hili miaka kadhaa, na kwangu hizo zisubiri. Mwanafunzi akikutana na ramani za rangi kabla hajajua namba zake zimetoka wapi, ataziamini tu.

Anza na Excel. Jua linatupa wati 1361 hivi kwa kila mita ya mraba. Gawa kwa 4 kwa kuwa dunia ni tufe, toa asilimia 30 inayorudishwa angani, kisha tumia kanuni ya Stefan-Boltzmann, inayounganisha joto la kitu na nishati kinachotoa kwa mionzi. Utapata nyuzi -18 hivi za Selsiasi, wakati wastani halisi ni karibu 15. Hapo darasa huchangamka lenyewe: nyuzi 33 zimetoka wapi? Somo la gesi joto limeshaanza na hujahubiri. Wapandishe ile 30 iwe 32, waone joto likishuka karibu nyuzi 2.

Kisha Python, lugha ya kuandikia programu, na hapa usiwe na haraka. Waandike mlinganyo mmoja tu, wa upepo unaosukuma hewa ya joto kwenye mstari. Nukta za gridi, yaani sehemu za mstari ambako joto linakokotolewa, ziachane kilomita 10, upepo uwe mita 20 kwa sekunde. Kwa hatua ya muda ya sekunde 400, yaani kila hesabu inaruka sekunde 400 mbele, mambo ni shwari. Waambie waweke 600: namba zinayumba, halafu zinalipuka. Usiwaokoe. Waache wagundue kwamba hewa imekwenda kilomita 12 kwa hatua moja, imepita nukta ya jirani, na kwamba mwisho ni sekunde 500. Wakipunguza umbali wa nukta nusu, na hatua nayo lazima ipungue nusu. Wenyewe wataanza kukuuliza habari za kompyuta kubwa.

Milinganyo mitatu ya Lorenz ya 1963, inayoonyesha jinsi tofauti ndogo mwanzoni inavyokua kubwa baadaye, inatosha kwa kipindi kimoja. Wabadilishe desimali ya nne tu ya namba ya kuanzia, wachore mistari yote miwili.

Data halisi? ERA5, hifadhi ya data za hali ya hewa ya dunia nzima, ni nzuri, inaanzia 1940, saa kwa saa. Ila wakatie eneo dogo mapema, la sivyo kipindi kitaishia kwenye kupakua mafaili. Na wajue kuwa ni mchanganyiko wa vipimo na modeli, si vipimo vitupu.

Kwenye kusahihisha, mimi grafu isiyo na maelezo siipi alama, hata iwe nzuri vipi.