Jibu: Futa hiyo "hata herufi moja" kabla ya Jumamosi

Futa hiyo sentensi leo hii. Unauliza usome vitabu gani na kama ujifunze Kigiriki, halafu katikati unatupia kwamba kwenye mjadala wa Kadutu utawaambia watu "Biblia haijabadilika hata herufi moja, Qumran imethibitisha," yaani yale magombo ya kale ya mapangoni karibu na Bahari ya Chumvi. Mdogo wangu, sentensi hiyo ndiyo iliyonizika mimi, hapa hapa Bukavu, mama mzazi akiwa benchi la mbele.

Niliinunua kwenye semina ya siku tatu, dola kumi na cheti juu. Mwalimu wetu, tai nyekundu na sauti ya radi, hakuwahi kuweka Biblia mbili mezani akazilinganisha. Mwongo! Cheti bado ninacho, nangoja siku tutakosa cha kuwashia mbabula.

Basi nikasimama, nikapiga "yodi moja wala nukta moja" ya Mathayo 5:18, watu wakashangilia. Kijana mmoja mpole akaniomba nisome 1 Yohana 5:7 katika King James yangu, Biblia ya Kiingereza niliyoletewa kutoka Kampala. Nikasoma na kutafsiri kwa madaha: mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Amina kila kona! Akamgeukia mama: "Mama, naomba Louis Segond yako." Ile Biblia ya Kifaransa ya 1910, yenye zipu, imejaa bahasha za sadaka. Akasoma polepole: Roho, maji na damu. Baba hayumo, Neno halimo. "Sasa papa, herufi ngapi hizo?"

Nikaanza kugongagonga maikrofoni eti betri imekwisha. Betri ilikuwa mpya, niliinunua mwenyewe.

Na jibu lilikuwepo! Maneno yale yalienea katika Kilatini; katika hati za kale za Kigiriki hayamo. Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka katika matoleo yake ya 1516 na 1519, akayaingiza 1522 baada ya kupigiwa kelele, King James ikarithi. Waliopambana karne ya 4 na Arius, aliyekana kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, hawakuyaegemea, na Utatu haukuanguka. Nyongeza tunaitambua kwa sababu hati ni nyingi, zinalinganishwa. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu, nami nikampa kijana wa watu anipige nayo.

Hata Qumran yako inauma. Gombo la Isaya lililopatikana 1947 limetangulia kwa takriban miaka elfu moja nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa, na ujumbe ni ule ule. Lakini tahajia inatofautiana mahali pengi, na 53:11 ina neno "nuru" ambalo Kiebrania cha Wamasoreti, wale wanakili wa Kiyahudi, hakina. Ukisema "herufi", umekwisha.

Kilichoniuma si kicheko. Mdogo wangu wa damu aliniuliza njiani, "Yaya, ulijua, ao walikudanganya?" Mwaka mzima hakukanyaga kanisani.

Kwa hiyo mstari mgumu utaje wewe kwanza. Dakika tano za mwanzo, kabla mtu hajainua mkono. Marko 16:9-20 pia, sema wazi kwamba Sinaiticus na Vaticanus, hati mbili za kale za Kigiriki, hazina mistari hiyo. Na Segond ya mama yako nenda nayo wewe, usiiache benchi la mbele.