Maua madogo ya mlimani: kinachoyaua ni maji, si baridi

Mkuu, umesema maua ya bustani yako ya mawe hapo Njombe yanavuka Juni na Julai bila shida, halafu ikifika Januari mashina yanaoza usawa wa udongo. Basi usiilaumu baridi. Yanakufa kwa kulowa.

Mimi nayapanda Mbeya, upande wa Uyole, na kabla ya kutafuta mbegu yoyote huwa najiuliza: huko kwao mvua hunyesha lini? Maua ya milima ya Alps, Ulaya, hupitisha baridi yamefunikwa na theluji, hayaguswi na upepo wala mvua mpaka iyeyuke. Kwetu baridi ni ya usiku: alfajiri sakitu, saa nne jua linachoma, na mvua karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili. Kalenda hiyo inafanana na ya milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, ambako nako mvua huja na joto na baridi huja na ukavu. Kwa hiyo anza na mimea miwili ya huko: Delosperma, yenye majani manene yanayotunza maji, na Rhodohypoxis, ua dogo linaloota kutoka kwenye kiazi kilicho ardhini. Rhodohypoxis ikikauka juu wakati wa baridi haijafa, imejificha chini, usiimwagilie.

Maua ya nyika kavu nayo yachague kwa makini. Waridi la jangwa linalostawi kwenye joto la bondeni halitavumilia usiku wa Njombe. Ukavu wa Pawaga, bondeni kwenye joto, si ukavu wa Makete, juu kwenye baridi.

Sasa tuta lenyewe, maana hapa ndipo penye kazi. Liinue mpaka usawa wa goti, chini weka kifusi cha tofali, juu changanya changarawe nusu nzima, mchanga wa mtoni, na udongo kidogo. Ukipata yale mawe mepesi ya volkano ya kuelekea Rungwe, yaponde uchanganye. Yanashika unyevu bila kutuamisha maji. Mawe makubwa yazike nusu, yasikae juu juu tu, kwa sababu mizizi hupenda kujipenyeza chini yake kwenye ubaridi. Halafu zungushia shingo ya kila mmea changarawe kavu, unene wa vidole viwili. Hiyo changarawe ndiyo itakayokuokolea Januari.

Samadi acha kabisa. Inaleta majani laini mengi, na laini ndiyo huoza kwanza.

Ukitaka kujaribu za Alps pia, mbegu zake nyingi haziamki mpaka zipite kwenye baridi yenye unyevu. Zikae kwenye friji, siyo friza, wiki sita hivi.

Na lile wazo lako la kwenda kuchimba okidi za porini kwenye uwanda wa Kitulo: tafadhali usifanye hivyo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na tayari viazi vya okidi za nyanda zetu vimechimbwa mno kupelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula chao cha viazi hivyo. Na hata ukizileta nyumbani, nyingi hutegemea kuvu walio kwenye udongo wa kule, kwa hiyo zitadhoofika tu. Nenda Desemba hadi Aprili, zinapochanua, uzione pale pale zilipo.