Mama, magoti na nyumba ya mwami

SWALI: Papa Mwalimu, jambo. Likizo hii nataka kumpeleka mama Nyanza, Rwanda, akaone nyumba ya mwami, yaani mfalme wa zamani. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Mdogo wangu anasema tusijichoshe: ile ya nyasi eti ni ya kuigiza, na ile nyingine ni nyumba ya Kizungu tu. Twende?
— Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Jambo sana, mwanangu. Mpeleke.

Ni kweli, nyumba ya nyasi pale Rukali, hapo Nyanza, imejengwa upya. Lakini nyumba ya nyasi gani isiyojengwa upya? Hata mwami alipokuwa hai, nyasi zilioza zikabadilishwa. Mkiingia kutoka juani hamtaona kitu kwanza. Ngojeni macho yazoee, kisha tazameni juu: matete yamezungushwa duara juu ya duara, kama kikapu kikubwa kilichofunikwa.

Nyuma yake kuna vibanda viwili. Kimoja cha pombe, alichokitunza kijana wa kiume. Kingine cha maziwa, kazi ya binti ambaye hajaolewa. Hapo pa maziwa msiharakishwe. Mimi nilikwenda na shangazi yangu. Alipoona vile vyombo vya mti na vifuniko vyao vilivyosukwa vyenye ncha, alianza kueleza jinsi mama yake alivyofukiza vibuyu kwa moshi ili maziwa yakae. Kijana aliyekuwa akitutembeza alinyamaza, akamsikiliza yeye. Mama yako naye ana yake ya kusema, mwachie nafasi.

Ng'ombe wa inyambo hawakosi kumfurahisha: pembe ndefu ajabu, na mchungaji akiwaimbia wanatulia.

Sasa hiyo nyumba ya Kizungu. Ni ya mwami Mutara Rudahigwa, na mdogo wako anaidharau kwa kuwa hajui ilivyopatikana. Novemba 1931 Wabelgiji, wakoloni wa wakati ule, walimwondoa babake, mwami Yuhi Musinga, aliyetawala tangu 1896, wakamweka mwana. Musinga alifukuzwa Nyanza akapelekwa Kamembe. Kamembe hii hii, mwanangu, ambayo taa zake tunaziona usiku kutoka Bukavu! Mwaka 1940 wakamsukuma mbali zaidi, Moba, huku kwetu Kongo, kando ya ziwa Tanganyika, na huko alifariki mwaka 1944. Mkipita sebuleni kwa mwana, kwenye viti vile vizuri, mkumbukeni na baba. Mimi sikuweza kuviangalia bila kumfikiria.

Kuhusu safari: ulizeni mpakani siku moja kabla kama njia iko wazi na hati gani zinatakiwa. Mkishavuka mto Ruzizi, pandeni bisi ya Huye, kisha nyingine ya Nyanza; msijaribu kwenda na kurudi siku moja, magoti ya mama hayataweza. Kona za msitu wa Nyungwe ni nyingi mno. Mkatie mama kiti cha mbele, umbebee tangawizi, na umkalishe dirishani, maana nyani na kima hukaa kando ya barabara.